Duara la Verlyn Haugen: Miaka Arobaini na Mmoja ya Kukagua Mechi

Ijumaa hii, tarehe 12 Desemba 2025, saa kumi jioni, Verlyn Haugen atarudisha funguo za chumba cha picha cha Chuo cha Prairie Ford, baada ya kuitumikia timu yetu ya mpira wa Kimarekani kwa miaka arobaini na mmoja na miezi minne. Ofisi iliniomba niandike ukurasa mmoja wa kuchangamsha, uwekwe kwenye ratiba ya sherehe ya kumuaga. Nimezidisha ukurasa mmoja, na kuchangamsha nimejitahidi, ila sikuahidi kitu. Mimi ni Darlene Kopecky, mtunza jezi na kofia ngumu. Nimefanya kazi na mtu huyu ukuta kwa ukuta tangu mwaka 1988, na yapo mambo ambayo nisipoyasema leo sitayasema tena.

Verlyn aliajiriwa Agosti 1984, akiwa na miaka ishirini na mitano, ili apande mnara wa mbao kando ya uwanja na kupiga picha za filamu za mechi. Amepiga picha kwenye mvua ya mawe, kwenye theluji, na mara moja huku nyigu wakiwa ndani ya koti lake, na picha ya siku hiyo haikutikisika hata kidogo. Mwaka 1986 mashine ya kuonyeshea filamu ilimwakia mezani. Akaizima kwa supu yake, kisha akalalamika juma zima kuhusu supu.

Lakini kazi iliyomfanya ajulikane ni ukaguzi. Mechi huchezwa Jumamosi. Jumapili alfajiri Verlyn hukaa na picha za mechi nzima, akiziangalia zamu kwa zamu, kila zamu tangu mpira unapoanzishwa hadi filimbi inapolia. Kwa kila zamu, kila mchezaji wetu kati ya kumi na mmoja waliomo hupata tiki au kosa, kwa kalamu nyekundu. Saa tisa alasiri karatasi hubandikwa kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, na vijana huisoma kwanza ndipo waruhusiwe kula supu ya maharage yenye pilipili na mikate ya mdalasini anayooka Joyce, mke wake. Nimeyaona majitu ya kilo mia na thelathini yakisimama mbele ya mlango ule yakifuatilia majina yao kwa kidole kama watoto wa darasa la kwanza.

Ugonjwa huo wa kukagua hakuuacha kazini. Msimu ukiisha huenda kanisani, na mchungaji wetu amewahi kupewa kosa kwa kurudia mfano uleule wa shamba la mahindi Jumapili tatu. Kwenye harusi ya binti yake alininong'oneza kwamba bwana harusi anachelewesha mguu wa kushoto. Nikamwambia, "Verlyn, nyamaza, wewe ndiye unayelipia muziki." Akanyamaza, lakini niliona kidole chake kikiandika kwenye kitambaa cha meza.

Alikuwa mkali zaidi tulipokuwa tumeshinda kwa pointi chache. Timu ikifungwa vibaya, alikuwa akisema, kila mtu hujikagua mwenyewe hata bila kuombwa. Ikishinda kwa pointi moja, makosa yote hufunikwa na vigelegele, na hakuna anayetaka kuambiwa. Makocha walimchukia kidogo siku hizo, na mimi pia, kwa kuwa nilitaka tu kula mkate wangu kwa raha.

Sasa nifike mahali ambapo ofisi ingependa nipite haraka.

Oktoba 1991 tuliwafunga Elm River 17 kwa 16. Kijana wetu wa ulinzi wa kati, Curtis Amdahl, mwenye miaka ishirini, mtoto wa wafugaji wa nguruwe kutoka kaskazini mwa wilaya, aligongwa kichwa mwanzoni mwa kipindi cha pili. Aliinuka mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza kitu. Kuanzia pale alicheza ovyo. Katika zamu ishirini na mbili alipata makosa kumi na tano, na Verlyn akaandika pembeni kwa ile kalamu nyekundu, "Uvivu. Hasikilizi." Wenzake walimtania sana kwa maneno hayo. "Amdahl, umelala uwanjani bwana! Tukuletee mto?" Curtis alicheka nao, akaenda kukaa.

Jumanne alikuja mazoezini wa kwanza, ili afute yale makosa. Aliegemea kaunta yangu akaniuliza kofia yake iko wapi. Ilikuwa mkononi mwake. Nilimcheka. Nilimwambia, "Wewe Curtis, utasahau kichwa chako siku moja." Miaka thelathini na minne sijamsimulia mtu yeyote maneno hayo isipokuwa Verlyn, na leo nawasimulia ninyi nyote. Curtis aliivaa kofia, akaenda uwanjani, akagongwa tena, pigo dogo tu la mazoezi, akaanguka. Alifariki Alhamisi bila kuzinduka.

Wiki nzima Verlyn alijifungia na picha za mechi ile. Kila kitu kilikuwamo. Curtis alionekana akienda kusimama na wachezaji wa Elm River, akitazama ubao wa pointi huku midomo ikicheza, kama anayejaribu kuusoma. Verlyn alikuwa ameyaona yote hayo Jumapili na kuyapigia kosa. Aliandika barua ya kuacha kazi, akaenda nyumbani kwa akina Amdahl kuomba msamaha. Mama yake Curtis, Arlene, aliomba aonyeshwe picha zenyewe. Alikaa chumba kile cha picha saa mbili nzima, mkoba ukiwa magotini. Mwishoni alimwambia, nami nilikuwa mlangoni nikisikia, "Hiyo barua yako ichane. Hutaniomba msamaha kisha uende zako ukalale. Wewe kaa hapahapa, uwaangalie watoto wa wenzangu. Na uangalie vizuri."

Barua ilichanwa. Tangu hapo karatasi ya Verlyn ina alama ya tatu. Jina likizungushiwa duara, mchezaji huyo hapewi kofia kwa siku kumi, hata akisema ni mzima, na hata daktari akisema hivyo. Kocha Rademacher, Mungu amlaze pema, aliweka saini kanuni hiyo kwenye karatasi moja ambayo ninayo mpaka leo ndani ya kabati la kofia, maana anayegawa kofia ni mimi. Kwa miaka thelathini na minne Verlyn ameweka duara mara mia moja na kumi na saba. Mara nyingine alikosea. Yupo kijana aliyekaa nje siku kumi kwa kuyumba uwanjani, kumbe viatu vipya vilikuwa vinambana. Verlyn alimwomba radhi, akamletea mikate ya mdalasini sinia zima, na hakuonyesha dalili ya kujuta hata kidogo.

Duara la mia na kumi na saba mnalijua, na najua wengi wenu mmelikasirikia.

Jumamosi ya tarehe 22 Novemba tulishinda 24 kwa 23, ushindi wetu wa kwanza wa mchujo kwa miaka ishirini na sita. Mji ulipiga honi mpaka nikaumwa masikio. Jumapili karatasi ya Verlyn ilisema ukweli ambao hakuna aliyeutaka: safu ya mbele ilishindwa kumlinda mrushaji katika theluthi ya zamu zake, walinzi wa pembeni waliwaachia wapinzani yadi themanini kwa zamu nne tu, faulo zilikuwa tisa, na pointi ile moja tuliipata kwa sababu mpiga teke wao aliteleza kwenye matope. Halafu ikafika kwa Brody Eilers, mrushaji wetu, aliyetoa pasi ya ushindi zikiwa zimebaki sekunde kumi na moja. Pasi ile Verlyn aliipa tiki. Jina la Brody akalizungushia duara.

Kocha Strand alikuja chumba cha picha karatasi ikiwa mkononi. "Verlyn, jamani, huyu kijana ametuvusha! Jumamosi tuna mechi kubwa kuliko zote, wewe unanitania?" Verlyn alimwonyesha picha. Tangu mwaka wake wa kwanza chuoni, Brody hulamba vidole viwili vya mkono wa kulia kabla ya kila zamu, bila kukosa, hata kwenye baridi ya kugandisha. Zamu ya hamsini na nane aligongwa, akainuka haraka. Zamu tano zilizofuata, pamoja na ile ya pasi ya ushindi, hakulamba vidole hata mara moja. Ni hilo tu. Kocha akasema, "Vidole? Unaniulia msimu kwa ajili ya vidole?" Verlyn akajibu, "Ndiyo, Kocha."

Jumatatu daktari alimpima Brody, na Brody akajibu kila swali sawasawa. Alikuja kaunta kwangu na cheti mkononi. "Mama Darlene, nipe kofia yangu, nakuomba. Mimi mzima. Mzee anaondoka, anataka tumkumbuke kwa kitu." Jumatano alikuja Kocha mwenyewe. "Darlene, fungua kabati." Nilimwambia kanuni ina saini, na ya kuifuta sijaiona. Akasema, "Aliyesaini amekufa." Ni kweli. Nilikaa tu juu ya kiti changu, funguo nikizikalia. Najua si jambo la heshima kuandika kwenye ratiba ya sherehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tarehe 29 tulifungwa 38 kwa 6. Brody alikaa benchi akiwa na koti.

Mji haukusubiri hata matanga. Kwenye kituo cha mafuta watu waliomfahamu Verlyn miaka arobaini waligeuka kutazama magazeti. Mtu mmoja alimwambia Joyce, tena kanisani, "Mwambie mumeo asante kwa zawadi ya kuagia." Joyce aliendelea kupanga vitabu vya nyimbo, akaenda kulia garini. Kwa sherehe hii tulipanga viti mia mbili, na mpaka leo Jumanne ninapoandika, waliosema watakuja ni thelathini na wanane. Verlyn alipoona orodha alisema supu itatosha safari hii. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama nadhani alikosea. Nilimwambia sijui. Ningeweza kumdanganya, lakini naye hajawahi kunidanganya mimi.

Jana alasiri Brody alikuja chumba cha picha. Nilidhani amekuja kugomba, nikasimama mlangoni nikiwa na ufagio, nisijue nitaufanyia nini. Aliomba aonyeshwe pasi ya ushindi. Verlyn akasema, "Si umeshaiona mara mia, kila simu ya mji huu inayo." Brody akasema simuni anaona mtu mwenye jezi yake. Yeye mwenyewe hakumbuki kuitoa. Hakumbuki pasi, wala kubebwa mabegani, wala mama yake kumkumbatia. Kitu cha mwisho anachokumbuka ni baridi ya kipindi cha pili, halafu yuko bafuni bwenini na ni usiku. Maswali ya daktari alikuwa amekaririshwa na mwenzake wa chumbani. Alidhani kumbukumbu zitarudi zenyewe akicheza.

"Mzee," akasema, "ningecheza. Kama Mama Darlene angenipa ile kofia, ningeivaa."

Verlyn alimvutia kiti, akamwekea picha ile polepole, akaanza kumweleza kama mtu anayemsimulia mgonjwa habari za nyumbani: hapa unaanzishiwa mpira, hapa unatazama kushoto, hapa wanakuja wawili, hapa umeuachia. Waliirudia mara nne. Mara ya nne Verlyn hakuweza kumaliza sentensi. Miaka yote hii nimemwona akizika wazazi na kaka yake, na jicho lake lilikuwa kavu hata siku ya Curtis. Jana alilia kwa sauti, kichwa juu ya meza, na kijana akabaki amemshika bega, akinitazama mimi nimwambie la kufanya. Nami nilikuwa nalia. Brody ameniruhusu kuandika haya. Amesema niyaandike yote, na daktari ameshaambiwa ukweli.

Msimu ujao ukaguzi utafanywa na programu ya kompyuta, na nasikia ni ya kasi sana. Kocha Strand nilimpelekea karatasi hii aisome kabla haijachapwa, nikitegemea ugomvi. Alirudi nayo mkononi, akaniomba ile kanuni ya zamani. Chini ya saini ya marehemu Rademacher ameweka ya kwake.

Verlyn, kwa niaba ya wote watakaokuwepo Ijumaa na wale watakaojikuta wana shughuli nyingine, asante. Ulimwengu huu haukupi tiki kwa jambo ambalo halikutokea, na hilo ndilo lililoniuma nilipokuwa naandika. Curtis Amdahl angekuwa na miaka hamsini na minne. Brody Eilers anatimiza ishirini na miwili mwezi Machi. Nenda nyumbani kwa Joyce ukapumzike, rafiki yangu. Tunakuombea siku tulivu, nyingi, na Jumapili za kulala mpaka jua lipande.