Swala Asiye na Kichwa

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha fundi viatu, na ukinunua kahawa ya Mvuke una ruhusa ya kubisha hata jambo usilolijua. Asubuhi ile kesi ilikuwa ya Risasi, fundi cherehani wetu. Alipewa kibali cha kuwinda swala dume mmoja. Jana akarudi na gunia la nyama safi, imekatwakatwa vizuri, ila kichwa amekiacha porini, eti kizito. Kumbe kibali kinataka kichwa kikae na mzoga mpaka afisa wa wanyamapori aukague. Afisa anakuja saa nne. Asiporidhika kwamba ni dume, anaichukua bunduki, na hiyo bunduki Risasi aliachiwa na marehemu baba yake.

— Nyama ya dume ni ngumu, — akaanza Hakimu, kinyozi aliyewahi kuitwa shahidi mara moja na hajapoa mpaka leo. — Afisa atafune tu. Ushahidi ndio huo.

— Na kama ana mapengo? — Mvuke akauliza, huku akimimina.

— Basi atumwe mwenye meno.

Dokta, ambaye anauza sumu ya panya, akaguna.

— Mnahangaika bure. Siku hizi hata majike wanaota pembe. Ni haya maji ya bomba.

— Swala gani anakunywa maji ya bomba?

— Wanakunywa mkiwa mmelala.

— Tumpelekee kichwa cha mbuzi, — Hakimu akasema.

— Mbuzi ana ndevu, bwana.

— Mnanidharau? Kinyozi ni nani hapa?

Risasi akacheka, nami nikafurahi, maana tangu afike alikuwa amekishika kikombe bila kunywa. Hapo mama mmoja, mgeni kwetu, aliyekuwa anasubiri kiatu chake kishonwe, akatugeukia.

— Samahani kaka yangu. Kabla hujafyatua, hizo pembe uliziona?

Risasi alikuwa anatazama kikombe.

— Niliona majani yanatikisika, — akasema.

Mvuke akaacha kumimina.

— Majani ya wapi?

— Kule bondeni.

— Mke wangu anaokota kuni kule, — Mvuke akasema. — Na jana alikwenda.

Risasi akaweka kikombe chini, akaenda nyumbani kuileta bunduki aikabidhi mwenyewe. Saa nne ilikuwa bado, na hakuna aliyemzuia.