Mama Futi, Fundi Aliyekataa Kubebwa

Marehemu mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Futi kwa ile futi ya kupimia nguo isiyobanduka shingoni mwake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa pili kati ya watano.

Alianza shule mwaka 1959 na kumaliza darasa la saba mwaka 1965. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Lakini mwalimu wa ufundi alipompa kitambaa na sindano, alirudi nyumbani na sketi ambayo dada yake aliivaa miaka minne.

Mwaka 1970 aliweka cherehani ya miguu barazani, jirani na fundi viatu, akashona sare za shule kwa miaka arobaini na mitatu. Aliowafundisha kazi wanakumbuka futi ikichapwa mezani kila mmoja wao aliposahau kuacha nafasi ya mshono.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori. Baba alizunguka kote. Mama alikanyaga pedali mchana kutwa asisogee hata hatua moja. Kila mwaka Baba alimwahidi kumpeleka kwa mdogo wake aliyeolewa mbali, na kila mwaka safari ilipigwa danadana. Baba alifariki mwaka 2009, ahadi ikiwa palepale.

Mama aliponunua baiskeli mwaka 2013, sote tulidhani ni ya mjukuu. Siku ya kwanza, alipotaka kusimama, alinyoosha mkono alishike gurudumu la mbele, kama alivyozoea kulisimamisha gurudumu la cherehani. Fundi viatu ndiye aliyemwokota mtaroni, akicheka hadi machozi. Aliposema ataiendesha hadi kwa mdogo wake, mwanawe wa kwanza, anayesoma wasifu huu, alipinga kabisa.

"Mama, watu watasema tumeshindwa kukukatia tiketi."

"Waache waseme. Nimekanyaga pedali miaka yote hii sijafika popote. Sasa nataka nifike."

Safari aliipanga mwenyewe, futi juu ya ramani: kilomita 310, siku nne. Alipima kwa mstari ulionyooka, kona zote akaziruka. Yule aliyefokea watu maisha yake yote, safari yake mwenyewe hakuiachia nafasi ya mshono!

Aliondoka Jumapili tarehe 3 Agosti 2014, akiwa na miaka 63. Siku ya nne jioni kilomita 310 zilikuwa zimeisha, barabara haijaisha. Mwanawe alimkuta chini ya mlima, magoti yamevimba, kando ya kibao kilichoonyesha kilomita 126 zaidi. Alifungua bodi ya nyuma ya pikapu.

"Panda, Mama. Ulipofika panatosha."

"Nikipanda nitakuwa nimebebwa. Nipe maji, halafu toa hilo gari lako, linaniziba njia."

Mwanawe alimfuata nyuma kwa siku tatu, gia ya kwanza, mpaka klachi ikaungua. Jumamosi tarehe 9 Agosti, saa tisa alasiri, baada ya kilomita 436, Mama alipiga kengele ya baiskeli getini kwa mdogo wake.

"Dada! Gari limekushushia wapi?"

"Gari gani? Nimekuja mwenyewe!"

Walikumbatiana wakilia na kucheka kwa pamoja. Hatukuwahi kumwona Mama na furaha kama ile, na safari hiyo aliirudia mara mbili, kila mara kwa siku saba.

Mwezi Februari 2023 moyo wake ulianza kuchoka. Daktari alimuuliza anaweza kwenda umbali gani bila kuhema. "Kwa miguu au kwa baiskeli?" aliuliza Mama. Alilazwa mara tatu, akatibiwa kwa moyo wote, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi. Alifariki Jumapili tarehe 21 Mei 2023, saa moja asubuhi, mdogo wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, mdogo wake huyo, mafundi ishirini na wawili aliowafundisha, na baiskeli moja ambayo breki zake ni kama mpya, kwa kuwa hakuzizoea hadi mwisho.

Leo asubuhi, kwa mara ya kwanza, Mama amekubali kupanda pikapu ya mwanawe. Imeendeshwa kwa gia ya kwanza njia nzima. Apumzike kwa amani. Alitaka kufika, na alifika.