Mistari ya Zambarau Kifuani

Wamama wenzangu wa kansa, sikuja hapa hospitalini kuwabembeleza. Mmoja wenu, simtaji, anajijua, amejisugua akafuta alama za mionzi alizochorwa kifuani, kwa sababu harusi ya dada yake ina gauni la kifua wazi. Harusi! Basi keti usikie jinsi nilivyozilinda zangu.

Wakati ule wa utawala wa wanajeshi nilikuwa nauza sufuria soko la Owino. Kansa ikanishika ziwa la kushoto, likakatwa. Daktari wetu, mmoja wa wachache ambao hawakukimbia nchi, akaniambia mionzi ya kumalizia iko Nairobi, hapa Kampala hakuna. Nikaenda. Kule wakanilaza, wakanipima, wakanichora kifuani mistari ya wino wa zambarau.

Ndugu zangu, nawaambia, shule niliishia darasa la pili, lakini mdomo ninao. Nikamuuliza dada wa hospitali aliyenichora, "Hii michoro ya nini?"

"Mama, nyuma ya kovu lako kuna pafu, na hapa kushoto kuna moyo. Mashine itapiga kwa ubavu, ipite juu juu. Alama zikipotea, mionzi inaweza kuingia ndani, ikachoma moyo. Usioshe hapo."

Zamu yangu ilikuwa wiki iliyofuata, kwa hiyo nikarudi nyumbani Makindye, hapa Kampala, kuwaacha watoto kwa dada yangu. Wiki nzima kifua changu hakikuona maji. Majirani wakaziba pua. Mmoja alikataa kikombe changu, eti mionzi itamrukia. Na hata sikuwa nimepigwa bado! Ingekuwa inaruka, yeye ndiye ningemrushia wa kwanza.

Siku ya kurudi Nairobi, basi letu likasimamishwa kwenye kizuizi. Wanajeshi. Mnawakumbuka wale, miwani ya jua kwenye mvua, bunduki kubwa, kichwani hamna kitu. Sajini mmoja, kijana wa kaskazini, rika la mwanangu wa kwanza, akanibonyeza kifuani kwa mtutu. Sidiria yangu upande wa kushoto nilikuwa nimeijaza vitambaa.

"Hiki nini? Magendo?"

"Vitambaa, afande. Ziwa lilikatwa."

"Mwongo! Kahawa hiyo, unaivusha Kenya! Shuka, fungua!"

Nikashuka, nikafungua. Vitambaa vikaanguka matopeni. Akaiona mistari, macho yakamtoka.

"Ramani! Hii ramani ya kambi! Wewe mpelelezi!"

Ramani ya kambi, kwenye kovu la mgonjwa. Na mtu huyo ndiye tuliyekuwa tunamlisha kwa kodi zetu.

Akaitisha debe la maji na sabuni. "Futa!"

Bunduki nilikuwa nimeizoea. Ile sabuni ndiyo niliyoiogopa. Nikajikumbatia kifua. "Sifuti. Nyuma ya hapa kuna moyo wangu."

Hapo muuza samaki mmoja niliyeketi naye, mama mzee, mnene, naye wa kaskazini, akateremka bila haraka. Akaanza kufungua vifungo vya blauzi yake.

"Mama, unafanya nini?" sajini akauliza.

"Nakurahisishia kazi, mwanangu. Si unataka kukagua maziwa ya mama zako? Mwenzangu umeshamvua. Mimi nafuata. Na wale pale wanakuja."

Wamama wa basi zima wakashuka, mikono kwenye vifungo. Huko kwao kaskazini, mwanamke wa umri wa mama yako akikufunulia kifua kwa uchungu, hiyo ni laana, hata uzao wako haubaki. Na huyu alikuwa ameiagiza mwenyewe! Akageuka mbio, akajifunika uso kwa kofia, akainama upande wa basi.

"Funga, mama! Nakuomba, funga! Nendeni!"

Shujaa wa taifa, anaongea na tairi la basi.

Nairobi walikuta kila mstari mahali pake. Wakapiga. Baadaye nilikohoa miezi kadhaa, maana ncha ya pafu ilipata mionzi kidogo, ikapona. Moyo waliupitia kando, na mpaka leo unanisumbua kwa hasira tu.

Namshukuru daktari aliyebaki, dada aliyenichora, na yule muuza samaki ambaye hata jina hakunipa. Nyinyi wengine, kabla hamjalala chini ya mashine, ulizeni kilicho nyuma ya ziwa lenu ni nini. Na wewe wa harusi, kesho asubuhi urudi wakupime na kukuchora upya. Usijichore mwenyewe kwa kalamu ya mtoto. Nitakungoja getini.

Mimi sajini mwenye bunduki alishindwa kuniosha. Wewe umeoshwa na gauni.