Tellervo Hakkarainen na Kwapa Lililomchelewesha Kustaafu

Ijumaa ya tarehe 12 Juni, Tellervo Hakkarainen atafunika cherehani yake katika chumba cha makovu na kwenda nyumbani, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na minane. Wenye kumbukumbu nzuri watasema tulikwisha kumuaga. Ni kweli. Keki ililiwa Desemba, hotuba ya mkuu wa idara ikasomwa yote, na maua tukampa. Jumatatu iliyofuata tukamkuta kazini kama kawaida, amevaa viatu vyake vya ndani, maua yetu yakiwa dirishani kwake. Mkuu wa idara alipouliza kulikoni, alijibiwa kwa kifupi: "Kuna kwapa moja halijakwisha."

Kwa hiyo wasifu huu ni wa Tellervo, lakini kwapa hilo halikwepeki. Mwenye nalo ni Urpo Tossavainen, fundi wa kufagia dohani, yaani mabomba ya moshi ya majiko, ambaye nyumba nyingi za upande wa kaskazini wa mji zinamfahamu. Ameruhusu tumtaje, kwa sharti moja tu, kwamba tuandike pia kuwa yeye ni mzuri wa sura. Tumeandika.

Tellervo alizaliwa Nilsiä, mama yake akiwa mshonaji wa nguo za harusi. Alisomea tiba-kazi, kazi ya kumsaidia mgonjwa aweze tena kufunga vifungo vyake, kuchemsha kahawa yake na kurudi kwenye shughuli zake. Alipofika kwetu, fulana za kubana makovu ya moto ziliagizwa kutoka mbali. Mtoto alipimwa majira ya kupukutika, fulana ikafika karibu na Pasaka, na mtoto alikuwa amekwisha kuizidi. Tellervo alivumilia hali hiyo mwaka mmoja. Kisha akaomba stoo ya vitambaa vya kupigia deki, akaleta cherehani ya mama yake kwa basi, ameipakata mapajani, na tangu hapo fulana za wagonjwa wetu zimepatikana wiki ile ile.

Ulipokaa naye kwa kahawa alikufundisha makovu kwa unga. Kovu la kawaida, alisema, ni mkate uliokatwa vizuri: mstari mwembamba, unafifia wenyewe. Kovu lililoinuka ni donge lililoumuka likabaki ndani ya chombo chake. Ni nene, jekundu na linawasha, lakini halivuki mpaka wa kidonda. Keloidi ndiyo inayofurika chombo na kumwagika mezani. Mashimo ya chunusi ni kama yale yaliyotobolewa kwenye mkate mkavu wa shayiri nyeusi. Lakini kovu la kuvuta hakulitolea mfano wa jikoni. Hilo alilisimulia kwa sauti ya mtoto wa mshonaji: "Ni mshono uliovutwa uzi kupita kiasi. Nguo yote inakunjamana, na mkono hautoki."

Dawa zake nazo hakuzipamba. Karatasi laini za silikoni juu ya kovu, mchana na usiku. Kukanda kwa mafuta, kwa kidole gumba, kila siku, hata siku ya sikukuu. Kujificha na jua mwaka mzima. Fulana ya kubana. Likikaidi, aliwapelekea madaktari wetu wa ngozi, wenye sindano za steroidi za kulilainisha, leza ya kupunguza wekundu, na baridi kali ya kugandisha keloidi. Na pale ngozi inapofunga kiungo, kisu cha daktari Honkanen. Tellervo na Honkanen walifanya kazi pamoja miaka ishirini na walibishana karibu kila Jumanne, na kila Jumanne walikula chakula cha mchana meza moja.

Katika chumba chake neno "baya" halikutumika kwa kovu. Kovu lilikuwa changa au limekomaa, basi. Nakumbuka mwanafunzi mmoja wa chuo aliyetoboa sikio mara tatu na kuota keloidi yenye ukubwa wa kokwa ya jozi. Alikuja na kofia ya sufu katika joto la Julai. Tellervo hakumwambia aivue. Alimwomba amshikie uzi, akaendelea kushona, wakazungumza habari za uvunaji wa zabibu za mwituni, na baada ya muda binti mwenyewe akasema kuna joto humu ndani.

"Lipo," akasema Tellervo. "Mimi naungua hapa nakusubiri wewe."

Sikio hilo lilichomwa sindano, likakatwa, likachomwa tena, na kubanwa kwa hereni maalumu aliyoibuni Tellervo kwa vifungo viwili vya koti. Leo binti huyo ni mwalimu, na nywele zake amezikata fupi.

Niongeze hapa jambo dogo lisilo la kazini. Mume wangu Kauko alipofariki, mwaka juzi wakati barafu ya ziwa ikianza kuoza, watu walikuja na maneno mazuri na ninawashukuru. Tellervo alikuja na mkate wa samaki. Alikaa, akaliona koti la Kauko mlangoni, akaiona na zipu yake iliyokuwa imekwama tangu Krismasi. Akatoa mkasi kwenye mkoba, akaitengeneza pale pale, akalirudisha mahali pake. Ndilo ninalolivaa sasa ninapokwenda kuchukua kuni.

Tumrudie Urpo. Mwaka jana mwezi wa Februari aliteleza kwenye benchi la juu la sauna yake mwenyewe, chumba cha kuoga kwa mvuke, akaangukia mawe ya jiko kwa ubavu wa kulia. Fundi wa majiko kuunguzwa na jiko lake! Kijiji kizima kilimhurumia kwa siku moja, kisha kikaanza utani. Jirani yake alimpigia simu wodini kumuuliza kama angependa kuletewa fundi wa kweli amkagulie jiko. Ngozi ya paja ilipandikizwa ubavuni na kwapani, kidonda kikafunga vizuri, lakini kovu likaanza kuvuta. Mkono wa kulia ulipanda hadi usawa wa bega ukakoma hapo. Kwa mtu wa ofisini hilo ni usumbufu. Kwa mtu anayeshika ngazi kwa mkono mmoja na kusukuma brashi juu ya kichwa chake kwa mwingine, ni mwisho wa kazi, na Urpo alikuwa na miaka hamsini na moja na hajui kazi nyingine. Hakulisema hilo. Sisi watu wa mkoa wa Savo hatusemi. Aliuliza tu kama hospitali inahitaji mtu wa kuchekesha wagonjwa.

Tellervo akamshonea fulana.

"Utaivaa saa ishirini na tatu kwa siku," akamwambia. "Saa moja inayobaki ni yako, ya kuoga."

"Saa moja? Mimi kwenye sauna pekee nakaa mbili."

"Basi ya pili utaikaa nje, Urpo, ukimsikiliza Raili akioga."

Raili ni mkewe. Alikuwapo, na alisema hiyo ni tiba ya kwanza ya maana aliyoisikia tangu Februari.

Urpo alitii. Aliivaa fulana yake, aliikandia mafuta ngozi yake, alilalamika kwamba amekuwa soseji. Lakini mwezi wa Agosti Tellervo alipompima, kovu lilikuwa limenenepa, na mkono umeshuka vidole viwili chini ya bega. Tellervo aliingiza kidole ndani ya fulana, akaivuta. Ikavutika kama soksi kuukuu.

"Hii unaifua vipi?"

"Kwa mkono, kwa maji ya uvuguvugu. Kama ulivyosema."

"Na kukausha?"

Urpo akamtazama mkewe. Raili akatazama dari.

"Kwenye sauna," akasema Urpo. "Juu ya jiko. Si ndiko kunakokauka haraka? Nilitaka niirudie upesi, nisipitishe ile saa yako."

Sauna ya Urpo ikiwa moto huivisha soseji. Mpira wote uliomo katika kitambaa kile ulikuwa umekufa, na mtu wa watu kwa wiki nyingi alikuwa amevaa fulana isiyobana chochote, kwa uaminifu kamili. Tellervo alicheka hadi akakaa. Raili akacheka. Urpo naye akacheka, kisha akauliza kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake: "Lakini utapanda?"

Alimaanisha mkono. Tellervo alifuta macho na kumwambia ukweli: kwa fulana peke yake, hautapanda tena. Kunahitajika sindano, na baadaye kisu, na baada ya kisu miezi ya kukaa ameunyoosha. Kisha akasema jambo ambalo Urpo hulisimulia mpaka leo: "Mimi siondoki mpaka uende juu."

Urpo alidhani ni maneno ya kumtuliza mgonjwa. Hata sisi tulidhani hivyo. Keki tukaiagiza vilevile.

Desemba, siku chache baada ya hotuba na maua, Honkanen alilikata kovu kwa mistari ya kwenda na kurudi kama herufi Z, ili ngozi ipate urefu, akaziba pengo kwa ngozi mpya. Tellervo akatengeneza banzi la plastiki, mfano wa bawa, la kuushika mkono ukiwa umeinuliwa juu. Hakuna koti lililoweza kuvaliwa juu yake, na Januari yetu haina huruma, kwa hiyo Raili alikata blanketi la farasi akamshonea kitu ambacho Tellervo alikisifu mishono na kukataa kukizungumzia zaidi.

Hapo ndipo Urpo alipoupata umaarufu. Mtu mwenye mkono juu, katika mji ambao hatumsalimu tusiyemjua, ni habari kubwa. Sokoni watu walimpungia kwa aibu, wakidhani wamemsahau. Kwenye ukumbi wa mikutano ya kijiji alihesabiwa kuwa ameunga mkono ujenzi wa gati jipya. Lakini shida kubwa ilikuwa mabasi. Kwetu dereva hasimami usipoinua mkono. Kwa Urpo walisimama wote. Alikuwa akitembea tu barabarani, basi la kwenda Siilinjärvi linasimama, mlango unafunguka, joto linatoka.

"Unapanda?" anauliza dereva.

"Sipandi. Natembea."

"Mbona umenisimamisha?"

"Sijakusimamisha. Nina kwapa."

Dereva mmoja, baada ya kumsimamishia basi mara ya tatu, alimwambia, "Bwana, panda tu, nitakupeleka bure, angalau nifike kwa wakati." Akapanda. Walikwenda wakizungumza habari za dohani hadi mwisho wa njia, na Urpo akapata mteja mpya, kama angekuwa na mkono wa kumfagilia.

Tellervo alimwona kila wiki majira yote ya baridi. Banzi likavuliwa mchana, likabaki la usiku. Fulana mpya, na baada yake nyingine. Tulikuwa tunasikia ukutani mazoezi yao: mikono miwili, fimbo moja, na Tellervo akimsuta kwamba bibi yake wa Nilsiä, akiwa na miaka tisini, alitundika mapazia kwa mkono wa kulia. Machi mkono ulifika sikioni. Aprili ulikwama pale pale, na kulikuwa na wiki tatu ambazo hakuna aliyechekesha mtu. Kisha kovu likaanza kupauka. Lilikuwa limelala, laini chini ya kidole, limekomaa. Tellervo alilipima, akakunja utepe wake wa kupimia. Alimwuliza tu Urpo kama anakumbuka kwamba dohani ya nyumbani kwa Tellervo haijafagiwa tangu mwaka juzi.

Urpo alikwenda Jumamosi ya mwisho ya Mei. Tulikuwapo baadhi yetu, kwa kisingizio cha kumsaidia Tellervo kupanda viazi. Urpo aliisimamisha ngazi mwenyewe. Honkanen, aliyekuja na pai na hakuwa na hata kisingizio, alitaka kuishika, akaambiwa asogee, madaktari huanguka ovyo. Urpo alipanda. Alikaa kidogo kwenye ukingo wa paa, mgongo wake kwetu, na tukamwona anavuta pumzi. Kisha akasimama kando ya dohani, akashika brashi kwa mkono wa kulia, akaunyoosha. Ukaenda, ukapita sikio, ukapita kofia, ukanyooka wote juu ya kichwa chake, na brashi ikaingia dohanini kwa kishindo.

Hakuna aliyetazama masizi. Tellervo alikuwa amesimama katikati ya viazi, kiganja juu ya macho, akilitazama kwapa.

"Unaona?" Urpo akapaza sauti.

"Naona!"

"Nishuke?"

"Fagia kwanza! Hukuja hapa kuonyesha kwapa!"

Akafagia, mpaka chini. Aliposhuka alikuwa mweusi usoni kote isipokuwa mistari miwili chini ya macho, na alisema ni vumbi. Tellervo alimshika mkono ule, akaupandisha mwenyewe mara moja zaidi, polepole, akaushusha. Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa idara akamwambia sasa yuko tayari, na keki si lazima.

Keki ipo, Tellervo. Itakuwa katika chumba cha kahawa saa nane mchana, na Urpo ameahidi kufika akiwa amenawa. Tunakushukuru kwa kila mshono, kwa kila mtoto aliyeweza tena kupenyeza mkono katika koti lake, na kwa Jumanne zote. Cherehani ya mama yako utakwenda nayo. Tumempata mwenzetu kijana mwenye ya kwake, na umekwisha kumwambia ni mbovu, kwa hiyo tunajua umempokea.

Tunakuombea siku nzuri, wewe na mumeo Ossi. Jiko lenu linavuta vizuri sasa. Washeni moto wakati wowote mkipenda, kisha kaeni nje kwenye ngazi, wawili, mtazame moshi ukipanda. Wala msiharakishe kuingia ndani.

Helvi Räsänen, muuguzi, kwa niaba ya wenzako wote