Maneno Matatu ya Rosa Kiden

Wasikilizaji wapendwa, tunamlilia Rosa Kiden wa Koboko. Rosa Kiden, fundi wa kompyuta, alifariki juma lililopita hapa Arua. Wengine watawaambia alikuwa mpole. Wapi! Rosa alikuwa na kisasi, na kisasi chenyewe kilikuwa halali yake.

Mwaka 1979, watu wakikimbia vita kwenda Zaire, kaka yake Mogga aliuawa barabara ya Vurra, iendayo mpakani. Alikuwa na rafiki yake, Yakani. Yakani hakumzika. Alichukua kitambulisho chake, akavuka mpaka. Yakani alikuwa mwizi wa ng'ombe, watu wanamsaka, na jina la marehemu likamfaa. Baada ya miaka akarudi Arua, akajiita Mogga.

Mama yao Rosa na Mogga, Pasca, mzaliwa wa Pajulu, akanyimwa matanga. Ukoo ulimwambia Mogga yu hai, wamemwona mjini anakunywa bia. Sura hubadilika uhamishoni, wakasema.

"Ile si mtoto yangu," mama alilia. "Mutu ile iko nakula na jina ya mtoto yangu!"

Walimwona amechanganyikiwa. Rosa aliyasikia hayo, akayaweka moyoni.

Alisomea kompyuta Kampala. Mwaka 1996 akaajiriwa Arua, kwenye ofisi ya kuwaandikisha waliorudi kutoka uhamishoni. Wazee walikuwa wanasahau namba za kadi, basi Rosa akatunga programu ya kuwapa maneno badala ya namba. Unaandika jina lako, la baba yako, na neno moja la siri la nyumbani. Kompyuta inavisaga pamoja kama mashine ya mihogo, na unga haurudi kuwa muhogo. Yanatoka maneno matatu. Ukiandika yale yale, yanatoka yale yale. Ukikosea herufi moja tu, yanatoka mengine kabisa.

Rosa akamwandikisha Mogga, marehemu. Neno la siri lilikuwa jina ambalo mama alikuwa akimwita nyumbani. Yakatoka: Radi Kuku Mlango. Akayatangaza sokoni wazi wazi, maana hata ukiyajua, huwezi kuyarudisha nyuma ukapata siri.

Siku Yakani alipofuata kadi, uwanja ulijaa. Mdogo wake Rosa, Viola, anakumbuka: "Rosa nasema yeye, 'Kama wewe iko Mogga, andika jina ile mama alikuwa naita wewe.' Yakani naanza kutoka jasho."

Akaandika. Ikatoka Sabuni Fisi Uji. Watu wakaangua kicheko. Akajaribu tena. Kijiko Mvua Punda.

Mama Pasca akasogea, akatamka polepole: "Ayiko." Rosa akaandika. Radi Kuku Mlango. Wazee wa ukoo wakainamisha vichwa.

Yakani akamnong'oneza Rosa, akimwomba asilitaje jina lake la kweli. Rosa akashika kipaza sauti. "Huyu iko Yakani! Yakani wa ng'ombe!" Na wenye ng'ombe walikuwa pale pale kwenye foleni. Yakani alitimua mbio hadi Vurra, kiatu kimoja mguuni. Juma lile lile Mogga akawekewa matanga, na mama akalia mpaka akatosheka.

Kwa Mama Pasca, kwa Viola, na kwa ukoo wote wa Koboko na Pajulu, poleni sana. Sisi tuliobaki tujiulize ni mama yupi tulimwambia amechanganyikiwa, kumbe anasema kweli.

Viola anasema padri alimuuliza Rosa kitandani kama amemsamehe Yakani. Rosa alifumbua macho.

"Yeye akuje aombe," alisema. "Na jina yake mwenyewe."

Yakani, kama redio hii inakufikia huko uliko, hakuja mtu kuomba msamaha kwa jina lako.