Sauti Mbili za Mzee Engole

Mchungaji, wazee wa ukoo, wakwe zetu, majirani wa Buteba na ninyi mliovuka mpaka asubuhi hii, familia inawaomba mkae, hata kama ni juu ya majani, kwa sababu tumechoka sote, na aliyechoka kuliko sote ni mjane, Akiror, ambaye ndiye aliyetusimulia mengi ya haya.

Silvesta Engole alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa hapa Buteba, wilaya ya Busia, akasoma shule ya msingi hadi darasa la saba mwaka 1973, kisha akaacha ili achunge ng'ombe wa baba yake, kazi ambayo, kwa maneno yake, ilimfundisha kupaza sauti kuliko mwalimu yeyote. Mwaka 1981 alianza kunadi ng'ombe katika mnada wa Nagongera, na huko alidumu miaka mingi, sigara mkono mmoja na kipaza sauti mkono wa pili, ingawa mliomjua mnajua kwamba kipaza sauti kilikuwa pambo tu.

Tarehe 20 Aprili 1985 alifunga ndoa na Akiror kanisani Tororo, Mungu akawajalia watoto wanne, Osinya, Apolot, Emuron na kitinda mimba Betty, na katika nyumba hiyo hakuna aliyewahi kupata usingizi wa mchana baba akiwepo.

Mwaka 2017 sauti yake ilianza kukwaruza. Kwa watu wa mnada, sauti iliyokauka ni dalili kwamba soko limefana, hivyo rafiki yake Obore alimpongeza, wengine wakamletea tangawizi, naye akajivunia mkwaruzo huo mwezi baada ya mwezi, mpaka pumzi ilipoanza kumpaa, na madaktari wa Kampala wakakuta saratani kwenye zoloto, pale sauti inapotengenezwa. Tarehe 6 Februari 2018 zoloto lote liliondolewa, akawa anapumulia tundu la shingoni, na sauti ikaenda zake.

Akiror alilala kwenye mkeka kando ya kitanda cha wodi, akimsafishia tundu na kumfumia vitambaa vya kulifunika, na siku moja Engole alimgusa bega, akaumba maneno kwa midomo mitupu, "Umechoka. Lala." Hayo ndiyo aliyoyasoma kwanza kwenye midomo ya mumewe, na tangu hapo akawa kinywa chake, akamsemea sokoni, kanisani, kwenye kesi ya mpaka wa shamba, na mzee alipokasirika ikambidi awatukane majirani kwa niaba yake, yeye mama wa kanisa, na jambo hilo lilimchosha, wala hafichi.

Nesi alimfundisha kumeza hewa na kuirudisha juu igeuke neno, haikugeuka, na kile kidude cha betri cha kushika shingoni alikikataa, kwa kuwa kilimfanya asikike kama redio iliyokwama. Kilichomkaa moyoni ni Betty, aliyekuwa amechumbiwa. Katika ukoo wetu baba wa binti hutamka mwenyewe mbele ya wakwe kwamba amepokea mahari, na wazee walipoanza kushauriana nani atamke badala yake, Engole aliinuka akaondoka kikaoni, na kwa muda mrefu hakutaka hata midomo yake isomwe.

Alikimbilia kwa Obore, kwenye chungu cha ajono, pombe yetu ya ulezi ambayo Akiror ameipiga vita maisha yake yote. Hapo, akivuta mrija kwa shida, alipiga mbweu kubwa, na juu ya mbweu hiyo likatoka jina, "Betty," Obore akadondosha mrija na kupiga kelele, "Huyu mutu ameongea! Engole, sema tena!" Alisema tena, akarudi siku nyingine na nyingine, akijifunza kuvuta hewa kama avutavyo mrija, na Akiror aliposikia sauti imepatikana wapi, alilia, akacheka, kisha akaanza kuchachusha ajono mwenyewe, Mchungaji atusamehe.

Tarehe 18 Desemba 2021, mbele ya wakwe kutoka Majanji, Engole alisimama. Sauti ilikuwa nzito, ya kukatikakatika, isiyofika hata kwenye ua, kwa hiyo umati ule uliozoea kuzibuliwa masikio naye ulimsogelea ili umsikie, akasema, "Betty ni wenu. Nimepokea." Akiror anasema siku hiyo alikaa kwenye kiti chake, hakuwa na la kumsemea mtu, akapumzika.

Ugonjwa ulirudi Agosti 2024, ukaziba njia ya chakula, na sauti ya pili ikaondoka kama ya kwanza. Alifariki hapa nyumbani tarehe 9 Januari 2025, mchana.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa Kampala na Tororo, majirani mliotukanwa mkavumilia, wenzake wa mnada mliofunga soko jana, na ninyi wa chungu cha Obore, msijifiche huko nyuma.

Asubuhi ya siku aliyofariki midomo yake iliumba maneno yale yale ya wodini, lakini Akiror hakulala. Ameomba leo tumrudishie mzee maneno hayo, sote, kwa sauti, kwa kuwa ya kwake imekwisha kwa kulia: Engole, umechoka. Lala.