Mahindi ya Mlango wa Nyuma

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu, hata Violeth ninayekaa naye dawati moja. Kiroba cha mahindi nilichokuja nacho kichwani siku ya kufungua shule mwaka jana hakikutoka nyumbani kwetu. Nilikabidhiwa na Mama Theopista kwenye mlango wa nyuma wa stoo, nikazunguka nacho, nikapanga foleni mlango wa mbele pamoja na wenzangu. Alikipokea kana kwamba hajawahi kukiona. Akachota mahindi kiganjani, akasema kwa sauti, “Juliana, mahindi ya kwenu safi, hayana hata kokoto.”

Nitalieleza. Kwanza nianze kama wasifu unavyotakiwa kuanza.

Mama Theopista Agapiti, ambaye wengi tunamwita Mama Ngusa kwa jina la mwanawe wa kwanza, anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, baada ya kuipikia shule yetu kwa miaka ishirini na sita. Alizaliwa Ushirombo, akaolewa hapa Masumbwe, akaajiriwa wakati Masumbwe bado iko Mkoa wa Shinyanga na jiko la shule likiwa mafiga chini ya bati moja. Amewapikia wakuu wa shule watano. Mwalimu Sostenes wa Hisabati alikula makande yake akiwa mwanafunzi, na anakiri kwamba mpaka leo anauogopa mwiko wake.

Mama Ngusa anapenda chai tamu. Wapishi wenzake wanasema akiweka sukari, kijiko husimama chenyewe. Ndiyo maana walimu walishangaa Ijumaa moja ya Kwaresima, miaka mingi iliyopita, sinia la saa nne lilipokuja bila chapati. Lilikuwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande, vikaanikwa, kisha vikachemshwa, na chai haikuwa na sukari.

“Mama Ngusa, leo tumekosa nini?” aliuliza Mwalimu Sostenes.

“Hamjakosa kitu. Nimemwomba Mkuu, amekubali. Chapati zenu zimekwenda kuwa mahindi ya watoto ambao kwao hakuna cha kuleta.”

“Lakini sisi wengine tayari tunafunga!”

“Mwalimu, kufunga bila kumlisha mtu ni kubana matumizi tu.”

Walicheka wote isipokuwa Mwalimu Sostenes, maana alikuwa ameshaagiza chapati zake gengeni. Alizila kwa siri nyuma ya maabara, akaumbuka siku madaftari ya wanafunzi yaliporudi yana alama za mafuta. Leo ndiye anayekula michembe kuliko walimu wote.

Pasaka ilipita, michembe ikabaki kila Ijumaa. Unga, mafuta na sukari havikununuliwa siku hiyo, yakanunuliwa mahindi. Baadaye wanafunzi wa kidato cha nne wakaomba na wao waache maandazi ya Ijumaa, na madarasa mengine yakafuata. Hakuna aliyelazimishwa. Mgeni pekee aliyeleta hasara ni Mwalimu Wiliam kutoka Tanga, ambaye wiki yake ya kwanza aliikuta michembe mikavu kando ya jiko, akadhani ni vibanzi vya kuni, akawashia moto. Mama Ngusa alimtazama, akasema, “Baba, umetuchomea Ijumaa nzima.” Kisha akampa kiti akae aote huo moto vizuri.

Sasa narudi kwenye kiroba. Shuleni kwetu kila nyumba huleta mahindi ya chakula cha mchana. Mwaka ule mvua ilikatika mapema na shamba letu likakauka. Baba alikuwa kwenye machimbo, lakini shimo lao lilijaa maji na hakuna dhahabu iliyotoka. Saa ya chakula nilikuwa nakaa bombani na kitabu, ili nionekane nimependa kusoma. Mama Ngusa alipita, akapita tena, mara ya tatu akasimama. “Unasoma ukurasa uleule tangu juzi,” alisema. Hakuniuliza zaidi. Nilikuwa nimeshaamua kuacha shule muhula ule ukiisha. Siku tuliyofunga akaniambia nitakapofungua nianzie mlango wa nyuma. Sikuwa peke yangu, ila sitamtaja mwingine.

Mwezi huu kumekuwa na mazungumzo ya kuacha utaratibu wa Ijumaa akishaondoka. Hoja ni kwamba hauhitajiki tena, kwa sababu hakuna mwanafunzi anayeonekana kuja mikono mitupu. Ni kweli haonekani. Mama Ngusa ametusitiri vizuri mno, mpaka imeonekana hatupo.

Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu nilimfuata jikoni akichambua maharage. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa ya kusimulia. Aliendelea kuchambua.

“La kwako sema,” alijibu. “Ya wenzako yaache hapohapo. Na usije ukaandika kwamba mimi ni mtakatifu. Andika kwamba sukari niliipenda, na ilinisumbua.”

Nimeandika.

Mama Ngusa, walimu, wafanyakazi na wanafunzi tunakushukuru kwa kutulisha na kwa kutulindia heshima. Ukapumzike na Baba Ngusa, karanga zako zistawi, na chai yako iwe na sukari ya kutosha, hata Ijumaa. Mungu akutunze kama ulivyotutunza. Asante, wabeja sana.

Nilipofika hapo nilimpelekea Mkuu wa Shule karatasi hizi. Alisoma, akaniuliza kama nataka jina langu litolewe. Nilisema libaki. Akasema ingefaa walimu wasikie kutoka kwangu kabla hawajaamua juu ya Ijumaa. Mimi sipendi kusimama mbele za watu. Kesho yake saa nne niliingia chumba cha walimu, nikasimama karibu na mlango, nikasoma yote. Nilipomaliza, Mwalimu Sostenes aliuliza, “Sasa huyu mama akiondoka, michembe atachemsha nani?”

Nikasema mimi. Ijumaa iliyopita nilifika shuleni mapema, nikaiosha michembe, nikaibandika jikoni.

Juliana Mayala, Kidato cha Tatu